Ngong: Mlima wa Kazi na wa Mapumziko

Mvua ikiisha kunyesha na vumbi kutulia, mtu aliye katika ghorofa za juu za majumba ya Nairobi huona, upande wa magharibi kuelekea kusini, safu ya milima yenye vilele vinne, rangi yake kama moshi wa kuni mbichi. Hiyo ndiyo milima ya Ngong. Watu wengi wa mjini huijua kwa macho tu, kama mtu ajuavyo picha iliyotundikwa ukutani. Wengine huijua kwa miguu, maana huipanda siku ya mapumziko na kurudi nyumbani jioni. Walio wachache zaidi ni wale wanaojiuliza ni watu gani wakaao chini ya vilele vile, wafanya kazi gani, na wao wenyewe hupumzika wapi. Makala haya yatamchukua msomaji kutoka katikati ya mji hata huko, ili apate kuwajua.

Safari huanzia karibu na stesheni ya reli, na yafaa ianzie hapo, kwa kuwa reli ndiyo iliyouzaa mji wenyewe. Mafundi wa reli walifika mwaka 1899 mahali palipokuwa na maji baridi na nyasi za mifugo ya Wamasai, na jina la Nairobi limetokana na lugha ya Kimasai, maana yake ni hayo maji baridi. Kwa miaka mingi matatu namba 111 imekuwa ikichukua abiria wa Ngong kutoka sehemu hizo. Njia yenyewe si ndefu, ni zaidi kidogo ya kilomita 20, lakini katika kilomita hizo msafiri hupita mbele ya namna nyingi za maisha na namna nyingi za starehe.

Gari likianza kupanda kuelekea magharibi, bustani ya Uhuru Park huwa karibu. Rais Jomo Kenyatta aliifungua mwaka 1969, na tangu hapo imekuwa baraza ya watu wasio na baraza zao wenyewe. Mtumishi wa nyumbani aliyepewa ruhusa ya Jumapili, kijana atafutaye kazi, mama na watoto watatu waliovaa nguo zao za kanisani, wote walikuja kukaa nyasini pasipo kuulizwa fedha. Mwaka 1989 palikuwa na shauri la kujenga hapo jumba la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai aliandika barua akapinga, akatukanwa kwa ajili hiyo, lakini mwishowe jumba halikujengwa. Jambo hilo lafaa kukumbukwa katika safari hii, maana lafundisha kwamba mahali pa kupumzikia hapakai penyewe. Hapana budi awepo mtu wa kupalinda.

Baada ya hapo barabara ya Ngong hunyoka kuelekea magharibi. Upande wa kushoto, nyuma ya majumba, uko uwanja wa gofu ulioanzishwa mwaka 1906, nyasi zake zimekatwa vizuri kama nywele za arusi. Jirani yake ni Kibera. Jina hilo ni la Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wa King's African Rifles waliopewa makao katika msitu huo; kibra kwao ni msitu. Wanubi walingoja zaidi ya miaka 100 kabla ya kukabidhiwa hati ya ekari 288 mwaka 2017. Leo Kibera ni makao ya watu wa makabila mengi, na jioni watoto hucheza mpira mahali popote penye nafasi ya kuweka mawe mawili yawe goli. Hivyo ndivyo mji ulivyo. Upande mmoja wa ukuta mpira ni mdogo, mweupe, na mchezaji ana mtu wa kumchukulia fimbo zake. Upande wa pili mpira umefungwa kwa nailoni na kamba, na mchezaji ni mwenye viatu vyake mwenyewe au hana kabisa. Lakini kelele ya furaha mpira uingiapo ni ile ile.

Gari hupita Dagoretti Corner, ambapo watu hushuka na wengine kupanda, kisha hukuta uwanja wa mashindano ya farasi uliohamishiwa hapo mwaka 1954. Karibu nao ni msitu wa Ngong Road. Msitu huo ulipotengwa rasmi mwaka 1932 ulikuwa na ukubwa wa zaidi ya ekari 7,000. Leo haujabaki hata nusu yake. Kipande kilikatwa kwa shughuli hii, kingine kwa shughuli ile, kila kimoja kikiwa na sababu yake. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali.

Mbele ya msitu ni Karen. Hapo paliishi Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyelima kahawa tangu 1914 hata 1931. Shamba lilikuwa juu mno na baridi yake ilizidi kadiri ya kahawa, mavuno hayakutosha, na hatimaye likauzwa likagawanywa viwanja. Nyumba yake imekuwa makumbusho tangu 1986, na wageni kutoka nchi za mbali huja kuitazama kwa sababu ya kitabu alichokiandika mwaka 1937. Kutoka uwanja wa nyumba hiyo milima ya Ngong huonekana wazi, haiko mbali tena, nayo si samawati tena bali ni kijani.

Baada ya Karen hewa hubadilika. Abiria mwenye desturi ya njia hiyo hufunga dirisha bila kufikiri. Ndipo Ngong ilipo, katika wilaya ya zamani ya Kajiado ambayo sasa ni kaunti. Wamasai wengi husema jina limetokana na maneno yao enkong'u e muny, yaani jicho la kifaru, na jicho hapo ni chemchemi ya maji. Kuhusu milima yenyewe, hadithi moja yasimulia jitu lililojikwaa likaanguka, na vifundo vya mkono wake vikabaki vimechomoza ardhini hata leo. Atazamaye vilele vile vinne kutoka Karen hataona shida kuiamini.

Hapo zamani Ngong ilikuwa kituo cha serikali kwa ajili ya nchi ya Wamasai. Hiyo nchi yenyewe ilikuwa imepunguzwa kwa mapatano ya miaka 1904 na 1911, ambayo kwayo Wamasai waliondolewa katika malisho mengi mazuri ya Bonde la Ufa na Laikipia, wakaelekezwa kusini. Basi kituo kikawa soko, soko likawa mji. Leo mji huo si mdogo tena. Una mabenki, shule, makanisa, msikiti, na majumba ya kupanga yanayopanda juu kila mwaka. Lakini mtu akiuacha mji na kushika njia ya mlimani, kwenda Kibiko au kuzunguka hata Kona Baridi, hukuta bado vile vijiji vidogo vya mlimani, ambavyo maisha yake hufuata upepo, ukungu na ng'ombe.

Siku ya watu hao huanza gizani. Hasa mwezi wa Julai, ukungu hushuka hata mtu asione zizi lake mwenyewe, na baridi hupenya makoti mawili. Mama hukamua kwanza. Maziwa hutiwa katika mitungi na kufungwa nyuma ya pikipiki, na mwenye bodaboda huteremka polepole akiwasha taa, kwa kuwa chai ya mjini haingoji. Saa kumi na moja alfajiri waendao kazi Nairobi wamekwisha kusimama kituoni, mikono mifukoni, kwa maana akichelewa mtu nusu saa atakuta barabara imejaa magari kutoka Karen hata mjini. Hawa ni makarani, walinzi, waashi, wauguzi na walimu. Huondoka kabla watoto hawajaamka, na wengi hurudi watoto wakiwa wamelala.

Jua likitoka, mlima huwa wa wachungaji. Upande wa mashariki wa milima hupata mvua na una miti. Upande wa magharibi ni mkavu, huteremka kwa kasi kuingia Bonde la Ufa, na nyasi zake huwa fupi. Mchungaji hupima siku kwa tofauti hiyo. Wakati wa mvua ng'ombe hukaa chini upande mkavu, na wakati wa kiangazi hupandishwa kutafuta majani yaliyonyonya umande. Mto Mbagathi huanzia sehemu hizi, nao ndio mpaka wa kusini wa mbuga ya wanyama ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1946. Kwa hiyo simba anywaye maji karibu na mji mkuu ni mdeni wa mlima huu, ingawa hajui.

Ng'ombe wengine safari yao huishia Kiserian, upande wa pili wa milima, penye mnada na machinjio. Nyama nyingi iliwayo Nairobi imepita huko. Chinjio moja la huko, la Keekonyokie, lajulikana kwa kutengeneza gesi ya kupikia kutokana na uchafu wa machinjoni, uchafu ambao zamani ulikuwa tatizo tu la mto na la pua za majirani. Hivyo mji hupokea kutoka mlimani nyama, maziwa na hata moto.

Hupokea pia umeme. Mwaka 1993 mitambo miwili ya kwanza ya upepo ilisimamishwa juu ya Ngong kwa msaada wa Ubelgiji. Mwaka 2009 ilikuja mitambo mikubwa zaidi, na baadaye ikaongezwa hata nguvu yake ikafika megawati 25.5. Mapanga yake meupe huzunguka juu ya mgongo wa mlima, na chini yake ng'ombe hula bila kuinua kichwa. Wazee waliokuwa wakiulaumu upepo kwa kung'oa mapaa yao sasa husikia kwamba upepo ule ule huwasha taa. Wengine hucheka na kuuliza mbona taa zao wenyewe huzimika.

Ikifika Jumamosi, sura ya mlima hubadilika. Tangu saa moja asubuhi magari hupanda kutoka mjini yakiwa yamejaa vijana wenye viatu vya kupandia na chupa za maji. Wako wa makanisa, wa maofisi, wa vyuo, na marafiki waliopatana kwa simu. Langoni hulipa kiingilio kwa Idara ya Misitu, na walinzi wa misitu huongozana na makundi, kwa kuwa siku za nyuma wapandaji kadhaa walinyang'anywa mali zao mahali pa upweke. Kutoka hapo hufuata mgongo wa milima hata Kona Baridi, mwendo wa zaidi ya kilomita 10. Kutoka mjini vilele huhesabiwa vinne, lakini miguu ya mpandaji huhesabu vilima saba. Kilele kirefu huitwa Lamwia, nacho kina urefu wa mita 2,460 juu ya usawa wa bahari.

Afikaye huko hupata malipo yake. Upande mmoja Nairobi yote imelala kama changarawe zilizomwagwa, majumba marefu yakichomoza katikati. Upande wa pili dunia imeanguka: Bonde la Ufa limefunguka, kahawia na kimya, na mlima Suswa umekaa ndani yake kama chungu kilichopinduliwa. Mtu aliyekaa wiki nzima mbele ya meza, akiona ukuta na karatasi, husimama hapo akavuta pumzi hata mwisho. Hana haja ya kuelezwa kwa nini alipanda. Hata wageni wa kale waliipenda milima hii. Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekufa ndege yake ilipoanguka Voi mwaka 1931, alizikwa katika mteremko wake wa mashariki, na kaburi lake lipo hata leo.

Lakini hapa ndipo neno moja lafaa kusemwa. Mapumziko ya mmoja ni kazi ya mwingine. Siku ambayo karani wa Nairobi huacha kazi ndiyo siku ambayo mama wa mlimani huifanya mara mbili. Alfajiri amekwisha kuchemsha mayai na kukata kachumbari, amewasha makaa kwa ajili ya mahindi, amepanga ndizi na maji. Bibi wa Kimasai ametandika shuka na kupanga juu yake shanga alizozitunga usiku wiki nzima. Vijana wenye bodaboda hungoja wale watakaoshindwa na kilima cha tatu. Huko Kona Baridi na Kiserian wachomaji wamekwisha kukata mbuzi, kwa maana wapandaji wote hufika na njaa ya simba. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na siku ya Jumamosi mithali hiyo huonekana kwa macho. Karo ya shule ya mtoto fulani imo katika mahindi yale.

Je, wenyeji nao hupumzika lini? Hupumzika katika nafasi zilizo kati ya kazi. Mchana jua likiwa kali wazee wa Kimasai hukaa kivulini wakicheza enkeshui, ndugu wa bao la pwani, wakihamisha kokote kwa mkono mwepesi na kubishana kwa sauti nzito. Mjini Ngong vijana wangojao abiria hucheza drafti kwa vifuniko vya chupa, soda kwa bia, na watazamaji huwa na maarifa kuliko wachezaji. Jumapili alasiri, baada ya ibada, timu za vijiji hukutana katika viwanja vyenye mwinuko. Timu ishambuliayo kuelekea chini hufunga mabao mengi, kwa hiyo kila mtu hungoja kipindi cha pili kabla ya kutoa hukumu. Na arusi au sherehe ya rika ikitokea, vijana wa Kimasai huruka kwa zamu, wakiwa wameshindana na ardhi tangu zamani, na wanawake huitikia kwa nyimbo.

Tena wako wale ambao kazi yao ni ile ambayo wengine huiita mchezo. Alfajiri, kabla ya mpandaji wa kwanza hajafika, wakimbiaji hupita katika njia za vumbi bila kelele, isipokuwa ya viatu na pumzi. Hewa nyembamba na vilima vya Ngong vimewafundisha wengi. Paul Tergat alifanya mazoezi yake huko, naye mwezi wa Septemba 2003 huko Berlin alikimbia maratoni kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55, akawa mtu wa kwanza kuweka rekodi ya dunia chini ya saa 2 na dakika 5. Watoto wa Ngong hawakulisoma jambo hilo gazetini tu. Mtu mwenyewe walimwona akipita.

Basi mlima huu ni wa wengi, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Sheria ya mwaka 1968 iliwapa Wamasai ardhi kwa makundi, lakini baadaye makundi mengi yalikubali kugawanya, kila mtu na kipande chake. Kipande ni rahisi kuuzwa kuliko malisho ya watu wote. Mwaka wa ukame mtu huuza ekari moja alipe karo na dawa. Mwaka wa pili huuza nyingine. Na mwanawe hukuta uzio wa waya mahali babu yake alipopitisha ng'ombe. Mnunuzi naye si mwovu. Ni mtu wa mjini aliyeweka akiba miaka 20 ili apate nyumba yenye hewa safi. Lakini nyumba 1,000 zikijengwa kutafuta hewa safi, hewa yenyewe itakimbilia wapi? Hata chini ya ardhi mlima haukuachwa. Reli mpya iliyofika Naivasha mwaka 2019 hupita katika sehemu ya Ngong ndani ya tundu lenye urefu wa zaidi ya kilomita 4. Maendeleo hayo yana faida yake, wala hapana mwenye akili atakayeyakataa yote. Lililo muhimu ni kujua kadiri.

Msomaji atakayepanda Ngong anaweza kusaidia kwa mambo madogo. Awasalimu wachungaji anaowakuta njiani, kwa maana anapita katika kiwanja cha kazi yao. Asiwafukuze ng'ombe ili apige picha, wala asipige picha ya mtu pasipo kumwomba. Chupa aliyoipandisha ikiwa imejaa, aiteremshe ikiwa tupu, kwa kuwa ng'ombe hula nailoni akafa, na mwenye ng'ombe huyo hana bima. Anunue mahindi kwa mama wa langoni kabla ya kwenda kula katika hoteli kubwa ya barabarani. Na wale wenye mamlaka ya kugawa ardhi, wakumbuke bustani ya mjini iliyotaka kujengwa jumba la ghorofa 60, na msitu uliopungua kipande kwa kipande bila mtu kusikia shoka la mwisho.

Milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Wa mjini na wa mlimani wamekwisha kukutana juu ya Ngong, mmoja akitafuta pumzi na mwingine akitafuta riziki. Nyasi zikibakia, wote wawili watapata.